Wapangaji wa Uani Hawatoki

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdulatif,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kabla sijakugombeza, maana marehemu mama alitufundisha kwamba hata mgomvi hutanguliza salamu. Hamjambo huko Muscat? Ule mguu wako uliopasuliwa sasa unakanyaga sawasawa? Na mkeo Zuwena, jino limemwacha alale? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Mvua hazijatupa nafasi ya kuanika nguo, samaki wetu wa migebuka wanapatikana kwa kubahatisha, na Shangazi Fatu bado anasikia kile anachotaka kusikia tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu unasema mtandao unakata, na hukata kila ninapofika kwenye neno lenyewe. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Ujumbe wako niliupata. Umeambiwa na binamu yetu Jumanne kwamba nimeijaza nyumba ya marehemu baba wafungwa na wagonjwa, na unataka wawe wametoka kabla ya Ramadhani. Jibu langu ni kwamba hawatoki. Sasa zisome sababu, na kama una chai karibu, iendelee kunywewa.

Kwanza, Jumanne amekuongezea chumvi. Wako wanawake wawili tu, katika vyumba viwili vya uani ambavyo tangu mama afariki vilikuwa makao ya panya. Mmoja anaitwa Eufrasia, wa kule Simbo. Alimkata shemeji yake kwa panga shambani, shemeji akapona, yeye akafungwa. Kifungo alikimaliza chote. Alipotoka akakuta shamba lake limegawanywa na nyumba yake anakaa mtu mwingine. Sasa anauza mawese sokoni, na kila jioni husali rozari yake taratibu asinisumbue, nami namwambia apaze sauti, Mungu si kiziwi wala mimi si mkali kiasi hicho.

Wa pili ni Yunisi, wa Mwamgongo. Huyu ana kifafa. Wakwe zake walimjengea kibanda nyuma ya zizi la mbuzi na kumpa bakuli lake peke yake, kwa kuamini kwamba mate yake yanaambukiza. Alipoanguka mara moja ndani ya boti, wenye boti wakakataa kumpakia tena, na bila boti mtu wa Mwamgongo hafiki kliniki. Kwa hiyo alikuwa anaugua kwa kukosa dawa, na anakosa dawa kwa sababu anaugua. Niambie wewe uliyesoma, hapo mtu angetokea wapi?

Namna walivyofika kwangu ni hivi. Afisa ustawi wa jamii wa huku, kijana mmoja anaitwa Leodgar, alituita sisi wa kamati ya mtaa tupange jinsi ya kuwapatia makazi watu ambao hakuna mwenye nyumba anayewataka: waliotoka gerezani, waliotoka wodi ya wagonjwa wa akili, wenye kifafa, na bibi vizee waliofukuzwa kwao kwa maneno ya uchawi. Alisema chumba peke yake hakitoshi. Lazima awepo mtu wa kuwafuatilia dawa, kuwasemea kwa mwenyekiti wa mtaa na kusimama nao mpaka waweze kusimama wenyewe. Hapo nilimpenda.

Ila wenzangu kwenye kamati walikuja na ramani. Nyumba moja kubwa, nje kabisa ya mji, yenye uzio na geti, na kila mtu na vyombo vyake peke yake. Nikawauliza kama geti hilo ni la kuzuia wezi wasiingie au wapangaji wasitoke. Nikawaambia mtu aliyetengwa huwezi kumwondolea kutengwa kwa kumjengea mbali zaidi. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, ule upole wa kukumaliza: haya, Bi Hadija, mwenye nyumba gani hapa mjini atakubali kukaa nao? Nikasema, mimi. Nilisema kwa hasira, lakini neno la hasira nalo ni neno, na mimi silimezi.

Basi Leodgar akaniletea hao wawili, tukaanza kazi. Yunisi alinieleza kwamba siku moja kwa wakwe zake alianguka nyuma ya mlango, na waliokuwa nje wakashindwa kuusukuma kwa sababu mwili wake ulikuwa umeuzuia. Nikamwita fundi aing'oe milango yote miwili ya uani na kuigeuza ifungukie nje. Fundi akacheka, akasema hajawahi kuona nyumba ya namna hiyo. Nikamwambia leo ataiona na ataijenga. Mafiga tukayaondoa, tukajenga jiko la udongo la kufika kiunoni, ili akianguka asiangukie moto. Leodgar huja kila juma, na dawa Yunisi anameza kila siku mbele ya Eufrasia, ambaye kwa jambo hilo ni mkali kuliko askari magereza. Tangu Desemba ameanguka mara moja tu. Tukakaa naye, akaamka, akaomba chai.

Na tunakula sinia moja, sote watatu. Daktari wa kliniki ameshatueleza kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kitu chochote, lakini hata asingesema, mimi nisingempa mtu bakuli lake peke yake nyumbani kwa baba. Jumanne alipokuja kunichunguza nilimkaribisha mkekani. Akasema ameshiba. Jumanne, Abdulatif, huyu huyu unayemjua, ameshiba.

Sasa kuhusu majirani, kwa sababu najua ndilo linalokukera zaidi. Unakumbuka kwamba masufuria makubwa ya kikundi chetu cha kuzikana yanakaa kwenye stoo yangu. Mama Abdul, mwenyekiti wetu, alikuja na wenzake akanipa shuruti: ama wapangaji watoke, ama masufuria yatoke, maana watu hawawezi kula chakula cha matanga kwa vyombo vilivyolala nyumba yenye kifafa. Nikaifungua stoo. Wakatazamana. Unawajua watu wa mtaa wetu, hakuna anayetaka chombo cha matanga kilale kwake, wanasema kinaita kifo. Ndiyo maana miaka yote kimelala kwangu, na hakuna aliyenionea huruma.

Wakayabeba mpaka barazani kwa Mama Abdul. Mumewe akayavumilia siku chache, kisha akasema kati yake na masufuria mmoja ahame. Yakaenda kwa mtu mwingine, naye akayatoa. Hivi ninavyoandika yako chini ya turubai karibu na mashine ya kusaga, yananyeshewa. Stoo yangu iko wazi. Wakiyarudisha nitayasugua na kuyapanga bila neno. Lakini siwafuati.

Juma lililopita palipofiwa mtaa wa pili nilikwenda, na wapangaji wangu wakaja nyuma yangu. Hakuna aliyewaambia kaeni, kwa hiyo wakakaa bila kuambiwa. Yunisi akavuta ungo akaanza kuchambua mchele. Wanawake wakasogea kidogo, kisha mmoja akamsogezea ungo mwingine kwa sababu mchele ulikuwa mwingi na mikono michache. Mchele ule ulipikwa na ukaliwa, na Mama Abdul alikula sahani mbili. Nilimwangalia akila. Hujafa hujaumbika, mdogo wangu, na naona hata wanaojisahau hukumbuka wakiwa na njaa.

Turudi kwako. Unasema nyumba ni yako pia, na huo ni ukweli. Nilikwenda kwa shehe kabla ya kushika kalamu nisije nikakudhulumu. Wewe mwanamume una mafungu mawili na mimi fungu moja. Vyumba ni sita, vinne ni vyako, viwili ni vyangu. Vya mbele, vyenye baraza na vinavyotazama barabara, nimekuachia. Nimevifagia na kuvifunga, na funguo amekubebea huyu huyu aliyekuletea barua. Mimi nimechukua vile viwili vya uani. Eufrasia na Yunisi hawajasogezwa hata kikombe. Aliyehama ni mimi, nalala chumba kimoja na Yunisi. Sasa ukitaka kuuza fungu lako, uza. Ukitaka kujenga ukuta katikati ya uwanja, jenga, ila bomba la maji liko upande wangu na utalipata kwa kuomba. Kuja kuwatoa watu kwenye fungu langu huwezi, na kuniamuru kutoka Muscat pia huwezi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa hata nyoka hayupo.

Mwisho wa ujumbe wako uliandika kwamba nikikaidi, siku nitakapokufa nisikutegemee mazishini. Neno hilo limeniuma, sikufichi. Nililisoma nikiwa jikoni, nikalia mpaka Eufrasia akaja kuepua chungu.

Lakini nimelifikiri. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, Abdulatif. Mama alifariki asubuhi, alasiri tukawa tumerudi kutoka makaburini, na wewe uliyempenda kuliko sisi sote ulifika siku ya tatu. Hilo halikuwa kosa lako, ni umbali. Basi hata ukinisamehe leo, hutaniwahi. Atakayegundua kwamba siamki ni Yunisi, kwa sababu ndiye aliye kitanda cha pili. Maji ya kunioshea atayachota Eufrasia. Atakayeniosha ni Mama Abdul, kwani ugomvi wetu haufiki huko. Hao ndio nitakaokuwa nao siku hiyo, nawe unataka wawili kati yao niwafukuze.

Nisalimie Zuwena na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Shangazi Fatu anakusalimu, anasema uvae soksi. Mungu akulinde ugenini, auponye mguu wako, na akulainishe moyo kabla hajaulainisha wangu, maana mimi sijamwomba.

Ni mimi dada yako, akupendaye na asiyekutii,

Hadija