Wingu la Pombe ya Mama Mathilde

Wamaza, tarehe 9 mwezi wa tatu 1955

Kwa mama yangu Victorine, Kasongo

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo. Muguu wako unaendeleaje? Unashuka kisimani bila fimbo, au bado unawadanganya watu kwamba fimbo ni ya kufukuza mbwa? Namusalimu baba mudogo Théophile, na ninamusalimu mudogo wangu Célestine, maana najua ndiye anayekusomea barua hii, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa kama kawaida yake. Sisi huku tuko wazima. André ameota meno mawili, na usingizi ameuondoa katika nyumba hii. Nikimubeba mugongoni shambani, analala. Nikimuweka kwenye mukeka ili na mimi nilale, anafungua macho.

Grégoire hajarudi kutoka mugodini. Ametuma neno kwamba wamemuongezea miezi sita. Kwa hiyo mistari ya pamba ni yangu peke yangu, na musimamizi wa pamba akipita haulizi mume iko wapi, anauliza magugu. Watu wa hapa si wabaya, mama. Wananisalimu, wananipa moto, wananipa chumvi. Lakini wakicheka wanacheka kwa Kibangubangu, na mimi nacheka nyuma yao, kama mutu anayefika kwenye karamu sahani zimekwisha kuoshwa. Kizimba, lugha yetu, nakisema na André tu, naye ananijibu kwa mate.

Sasa nije kwenye jambo ulilonituma. Kwa kuwa Emile, karani wa pamba wa hapa, anamutaka Célestine, uliniagiza niende kuonja pombe ya mama yake kabla wajomba zetu hawajapokea mbuzi wa mahari, kama bibi alivyoonja nyumbani kwao baba, na kama wewe mwenyewe ulivyoonja nyumbani kwao Grégoire. Ulisema nyumba inaweza kufagiliwa kwa ajili ya mugeni, lakini pombe ya siku nne haifagiliki.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita, muchana, na André mugongoni. Mama Mathilde, mama yake Emile, alinipokea kwa vigelegele yeye peke yake, akapangusa kiti mara mbili. Alichota pombe ya mahindi kwa kata, nikaona iko na wingu zito, kama maji yaliyooshewa unga. Aliponiona naichungulia, akanitania kwamba sisi wa Kasongo tunakunywa maji ya Lualaba na kuyaita pombe, ndiyo maana kitu chenye wingu kinatutisha. Nikamujibu kwamba kwetu wingu likitokea watu wanaingiza mahindi ndani, hawanywi. Akacheka mpaka akafuta machozi, akaniita binti yake. Mama, tangu Grégoire aondoke hakuna mutu aliyecheka kwa neno langu. Nilibaki pale mpaka jua likageuka, tukimenya karanga, na alimubeba André nikasinzia nimekaa.

Jumapili asubuhi Atumani, muuza vitambaa, alikuwa anaondoka kwa kinga yake, ile baiskeli ya kubebea mizigo, kwenda Kasongo. Nikamupa neno la mudomo: mwambie mama pombe ni tamu, nyumba ni nzuri, wajomba wapokee. Atumani ni Muislamu, hanywi, hakuwa na la kuniuliza. Alilichukua neno kama nilivyolifunga.

Mama, neno lile lilikuwa uongo.

Sikukosea kuonja. Nilikumbuka yote uliyonifundisha jikoni. Uliniambia wingu si kosa, ila mutu aulize wingu limetoka wapi. Pombe nzito ya mahindi wingu lake linasimama sawa tangu juu mpaka chini, na ukiinywa inashiba kama uji. Ile ya Mama Mathilde niliiacha katika kata nikimunyonyesha André titi moja, na nilipoitazama tena wingu lilikuwa limeteremka lote, juu kumebaki maji. Harufu ilikuwa tamu, kwa maana kimea chake ni kizuri, yule mama anajua kazi. Lakini mudomoni ilikuwa nyepesi, na mashapo yakanikwaruza ulimi. Ni pombe iliyochotwa kabla ya siku yake, halafu mutungi ukajazwa maji ili usionekane umepungua.

Nikatazama mukono wake wa kuume. Ulikuwa umefungwa kitambaa, alikuwa anachota kwa mukono wa kushoto. Alisema mutungi ulimuponyoka ukamuangukia. Mutungi ulikuwa mbele yangu, mama. Hauna hata ufa.

Ndipo kengele ya kinga ikalia nje, na Mama Mathilde akausukuma mutungi nyuma ya kitanda kwa muguu. Emile aliingia, akanisalimu vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akamusifu André. Kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya kitanda. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kamba, naye akafungua fundo bila kulitazama, kama mutu anayefungua viatu vyake. Mama yake aliuficha ule mukono uliofungwa chini ya kitenge.

Mama Mathilde aliponisindikiza njiani hakunificha tena ni nani aliyemuumiza. Alinishika bega akaniomba niseme tamu. Alisema mutoto wake si mubaya, ni upweke tu, akipata muke atatulia. Nikamwambia nitasema.

Nilisema, lakini si kwa huruma yake. Nilisema kwa sababu usiku ule wote, mawazoni, nilikuwa namusikia Célestine akitwanga katika ua wa pili hapa Wamaza. Nilikuwa nimekwisha kumupangia njia ya kupita kati ya nyumba mbili, na wapi tutaanika mihogo, na vile tutakavyowasema majirani kwa Kizimba mbele yao. Nilitaka ndugu yangu, mama. Nilitaka kumununua kwa mukono wa yule mama.

Siku tatu nimejaribu kulikalia neno hili, na haliketi. Leo Atumani amerudi, ameniambia wajomba wa Emile wanaondoka Jumatatu na mbuzi. Yeye anarudi kwenu kesho asubuhi na barua hii, nimemwomba asilale njiani. Mbuzi wasipokelewe. Emile anaweza kuwa mutu, lakini ajifunze kuuacha mutungi wa mama yake kwanza. Hiyo si kazi ya mudogo wangu.

Na wewe Célestine, kama umefika hapa umenyamaza, mama anakutazama. Usiruke musitari hata mumoja. Musomee tena kuanzia pale nilipoandika uongo, kwa sauti. Ukinikasirikia, kasirika, ila ubaki huko.

Nisalimieni wote wa uani, na yule kuku mwenye kilema wa mama. Mimi kesho nitamupelekea Mama Mathilde majani ya kufunga mukono. Yeye hana mutu wa kumuandikia.

Ni mimi mutoto wako,
Clémentine, mama ya André