Gamba la Otakar

Třeboň, 21 Desemba

Baba mpendwa,

Naahidi kukueleza yote. Hatujambo. Karpu, samaki wetu wa Krismasi, anaogelea kwenye hodhi letu la kuogea, kwa hiyo tunanawa jikoni.

Jana ulipokata simu, Bibi alisema, “Kumbe huko kwa baba yako, Zdislava, binti wa mkewe, habanduki bafuni. Kutwa anamwimbia samaki wao. Kamwita Otakar.”

“Otakar ni wangu,” nikasema.

“Mjukuu wangu, Otakar tunamla kila mwaka. Unamlilia yupi?”

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Jina hilo tulilitunga mimi na wewe, na kila karpu mpya alilirithi. Zdislava hakuliota, Baba. Wewe ndiwe uliyempa.

Wetu sijampa jina. Ana gamba kubwa karibu na shavu, kama lile ulilokuwa ukilificha chini ya sahani yangu usiku wa Krismasi ili nipate mwaka wa heri. Mama amesema ataliweka yeye. Sahani ya ziada, ile tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa kila Krismasi, nitaiandaa mwenyewe, kando ya yangu.

Tafadhali nijibu upesi: gamba la Otakar utaliweka chini ya sahani ya nani?

Mwanao wa kwanza,
Ludmila