Kikao cha Dharura cha Kamati ya Wazazi Kuhusu Mkate wa Mwenyekiti

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Darasa la Sita, kwenye madawati ya watoto (magoti yalipata tabu)
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mwalimu wa Sayansi, Mwenye Bucha, Mama Mshonaji, Katibu
Mwalikwa: Kidadisi, mwanafunzi wa Darasa la Sita, mjukuu wa Mwenyekiti
Asiyehudhuria: Mweka Hazina. Alituma salamu kwamba anaumwa. Kikao kilizipokea, hakikuziamini.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, akasema ajenda ni moja na anaomba asicheke mtu. Mwenye Bucha alikuwa ameshaanza.

KUMB. NA. 2/6: MKATE
Mwalimu wa Sayansi alikumbusha kwamba kikao kilichopita kila mjumbe, kwa hiari yake, alishika kipande cha mkate, ili ionekane mikono ya nani ina vijidudu. Kidadisi alikifunga kwenye mfuko wa plastiki na kubandika cheo cha mshikaji. Kazi hiyo ndiyo itakayokwenda kwenye maonyesho ya sayansi, kamati ikitia saini. Vipande vilipitishwa mezani. Cha Mama Mshonaji kilikuwa na madoa mawili. Cha Mwenyekiti kilikuwa kimeota ukungu wa kijani hata mkate hauonekani.

Mwenyekiti alieleza kwamba maonyesho hayana faida, yanafundisha watoto utovu wa adabu, na kwamba siku ile alikuwa ametoka kutengeneza pikipiki. Mwenye Bucha alisema yeye alikuwa ametoka kuosha utumbo wa ng'ombe na mkate wake una nafuu. Alitakiwa afute kauli. Aliuliza, "Nifute kwa mkono wa nani, wako?" Kauli haikufutwa.

KUMB. NA. 3/6: FAIDA ZA MAONYESHO
Mwalimu alieleza kwamba mtoto hujifunza kuuliza, kupima, na kusimama mbele ya watu wasiomjua akatetea alichokiona. Mama Mshonaji aliongeza kwamba bintiye alikuwa hata salamu haitiki. Tangu maonyesho ya mwaka jana, nyumbani hawapumui kwa maswali.

Mwenyekiti alisema hapingi sayansi, anapinga kibandiko. Alipendekeza kihamishiwe kwenye mkate wa Mweka Hazina, maadamu hayupo.

Kidadisi aliombwa maoni. Alisimama, machozi yakimlengalenga, akasema: "Babu, safari hii nimeiota mwaka mzima. Lakini nikibadilisha kibandiko, majaji wakiniuliza nitawaambia nini? Bora nibaki nyumbani. Na wewe, babu, ukanawe."

Hapa Katibu alishindwa kuandika kwa muda, kwa furaha.

KUMB. NA. 4/6: UAMUZI
Mwenyekiti aliutazama mkate, akamtazama mjukuu, akasema, "Huu ni ubishi wangu mtupu." Alitia saini, kwa sharti kwamba anawe kwa sabuni, ashike kipande kingine, na vyote viwili viende kwenye maonyesho na cheo chake. Mwalimu alisema sharti hilo ni sayansi tupu. Mwenyekiti alitoka kunawa, akakawia sana.

KUMB. NA. 5/6: KUAGANA
Saa tisa na nusu Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe, akawanyooshea mkono, bado umelowa. Wajumbe walimpungia.

Sahihi:
Mwenyekiti ....................
Katibu .................... (kwa kalamu yake mwenyewe)