Kola ya Mshauri

Kipara, usinipigie, soma tu. Niko nje ya geti la dada.

Unajua mume wake anafanya kazi ofisi ya waziri, na kila Jumapili anaicheka tamthilia yetu. "Mawaziri gani hao wanaobweka hivyo?" Leo nikasema ngoja nimkomeshe. Nikamwekea ile sehemu ninayoigiza waziri anayemfukuza mshauri wake. Mwongozaji alitaka nifoke, mimi nikagoma. Nikamnyooshea mshauri kola, nikamwambia taratibu, "Umechoka. Nenda kapumzike." Mshauri haonekani tena mpaka mwisho wa tamthilia.

Shemeji hakucheka. Hakucheka, nakwambia. Akaweka kikombe chini.

"Nani kakufundisha hiyo?"

Nikamwambia nimebuni mwenyewe.

Akauliza tena, polepole: "Nani kakufundisha?"

Nimebuni, shemeji, naapa.

"Hiyo haibuniwi."

Dada akaanza kukusanya sahani ambazo bado zina chakula.

Hapo ndipo nikaanza kuunganisha. Yule mwenzake wa ofisini, yule mcheshi aliyekuwa haachi kuja naye hapa, tulimwona lini mara ya mwisho? Nilipomuulizia mwaka jana, shemeji alinijibu anapumzika. Anapumzika, Kipara. Mwaka mzima?

Nikaaga. Shemeji akanisindikiza hadi mlangoni huku anatabasamu, akanipitishia vidole viwili shingoni, taratibu, kama fundi anayemaliza nguo.

"Umechoka, shemeji. Nenda kapumzike."

Kipara, nimevaa fulana. Haina kola.