Sauti ya Sina

Dada Wakesho,

Nimekaa kwenye ngazi za nje ya jengo letu hapa Al Wukair, Jumamosi asubuhi, jua halijaanza kuuma. Ndani wenzangu wanapika chapati na kubishana juu ya chumvi, na kwa kelele zile siwezi kukuandikia. Tangu tulipokuzika Wundanyi nimekuwa na maneno na wewe, mengine si mazuri. Nivumilie, nikusimulie tangu mwanzo.

Nilimshuku mume wako, Tavita. Sikuwa peke yangu. Mama alianza siku ileile jeneza lilipofika bila yeye. "Mwanamume gani anamtuma mke wake kama mzigo, yeye anabaki?" Mjomba Mwakio akasema labda Wasamoa wana desturi zao za kuzika, lakini hata yeye alisema kama mtu asiyeamini anachosema. Mimi nilimtetea. Nikasema kazi za Doha hazina huruma, labda amenyimwa ruhusa. Kisha, viti vya kukodi vikiwa bado vimejaa uani, nikafungua simu nikaona picha zilizowekwa na hoteli. Tavita, shada la maua shingoni, kigita chake cha ukulele kifuani, anaimba kando ya bwawa pale West Bay kama kawaida. Ijumaa ya wiki ile ile. Nikazima simu. Sikumwonyesha Mama, ila kumtetea niliacha.

Unajua kilichoniuma zaidi? Ni kwamba nilijua mlivyoanza. Ulikuwa mhudumu katika ule mgahawa wa visiwani, kando ya bwawa lile lile la hoteli, unafuta glasi, na Tavita alikuwa anaimba pale na binamu yake na mke wa binamu. Wale wawili waliporudi kwao, akabaki na gita na vazi la majani bila mwimbaji wa kike. Ulinisimulia mwenyewe, ukicheka, jinsi alivyokuja kaunta akakuambia, "Kila nikiimba wewe unaimba chini yangu. Nani alikufundisha?" Ukamwambia kwaya ya kanisani Wundanyi. Hukujua hata kama ulikuwa unaimba.

Akakufundisha Kisamoa wimbo kwa wimbo, sebuleni kwake Al Thumama, ndege zikipita juu ya paa, mkinyamaza mpaka ziishe. Meneja akataka uvae wigi ya nywele ndefu na akakupa jina la jukwaani, Sina. Tavita akasema huko kwao kila ukoo una Sina. Mama alipolisikia kwenye simu akauliza, "Sina? Huna nini, mwanangu?" Tulicheka mpaka Tavita akatoka bafuni kuuliza kuna nini, na ulipomtafsiria akakaa chini sakafuni kwa kicheko. Tangu siku hiyo, mtu akikusalimia kazini ulijibu, "Mimi ni Sina, lakini ninavyo."

Wageni wakikuuliza unatoka kisiwa gani, ulisema cha milimani. Hawakuuliza tena. Mkaitwa kwenye harusi za Wafilipino, kwenye sherehe za kampuni, mkaenda Muscat, mkaenda Bahrain mkarudi na taulo za hoteli. Corona ilipofunga kila kitu mliimba mkiwa mmesimama roshani, na yule Mmisri wa chini aliyekuwa akigonga dari kwa fagio siku zote, siku hiyo alitoka nje akasikiliza. Harusi yenu kanisani, ulivaa ua sikioni na leso ya Mama begani. Nilidhani nawajua.

Halafu mambo yakabadilika, nami nikaona bila kuelewa. Mwaka huo wa mwisho Tavita aliacha kusimama kando yako. Alijivuta nyuma, kwenye ngoma, pasipo na taa, akainamisha uso. Wewe ulikuwa mbele peke yako, maikrofoni mdomoni, mkono mmoja hewani. Uliimba vizuri kuliko zamani. Nilikuambia hivyo na ukaniangalia tu. Nilipouliza kama mmegombana ukasema, "Amechoka kuangaliwa." Kuhusu koo lako lililokuwa likikwaruza ukiongea, ulisema ni AC na vumbi. Mimi nikaamua ni kiburi chake, kwamba mume hakupenda mke apigiwe makofi. Ukaingia hospitali, na kumbe ulikuwa umeanza kuingia zamani bila kuniambia. Basi ukaondoka.

Niliporudi kutoka mazishini nilikwenda Al Thumama mchana kuchukua sweta lako na madera ambayo Mama aliyataka. Nilipofika mlangoni, kidole kikiwa karibu na kengele, nikakusikia.

Dada, nilikusikia. Ulikuwa unaimba ndani, sauti ile ya juu inayopinda mwishoni. Kidole kikabaki hewani. Kisha nikapata akili, na akili ikaja na hasira. Nikabonyeza kengele. Sauti ikakatika. Tavita akafungua, macho mekundu, shati halijafungwa vifungo. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Nani alikuwa anaimba?"

"Redio," akasema.

Hamkuwahi kuwa na redio nyumba ile. Nikasema nataka kunawa mikono, nikaingia bafuni. Nikafungua kabati la chumbani nikijifanya natafuta sweta. Hakukuwa na mtu. Sandali zako zilikuwa palepale, na wigi ya Sina imetundikwa, imechanwa vizuri kama inayovaliwa. Nikachukua madera nikaondoka bila kuaga. Kwenye teksi nilijiambia: ana rekodi za dada yangu, anazifanyia mazoezi na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ana mazoea ya chai pale.

Siku chache baadaye tukiwa kanisani, Achieng, yule Mluo anayelinda mlango wa wafanyakazi pale hotelini, akanivuta kando. "Aki sitaki kuleta maneno," akasema, "lakini shemeji yako bado anaimba na dame. Mimi niko mlangoni, sioni jukwaa, lakini nasikia. Na huyo dame ameiga sauti ya dada yako kabisa. Watu wa jikoni wamenyamaza, hawataki kuongea." Nikamuuliza kama amemwona. "Hapitii kwangu. Labda anaingia na wageni."

Ijumaa nikavaa vizuri nikaenda kwenye mlo wa mchana wa hotelini, kando ya bwawa, Achieng akanipitisha. Nilikuwa nimeandaa kila nitakachosema, mbele ya wageni kama itabidi. Nikasimama nyuma ya meza ya matunda. Bango lilikuwa limebadilishwa, jina lilikuwa la Tavita tu. Yeye mwenyewe yuko jukwaani peke yake, amesimama mbele, kwenye taa, mahali pako.

Akaanza na sauti yake ya kawaida, ile nzito. Nikamtafuta mwanamke kwa macho, nyuma ya ngoma, kando ya pazia. Kisha wimbo ukapanda, Tavita akafumba macho, akainua kidevu, na sauti yako ikatoka kinywani mwake.

Niliangalia koo lake, Dada. Nilisogea mpaka mhudumu akadhani nataka kiti. Niliona mshipa wa shingo ukitetemeka pale sauti inapopinda. Hakukuwa na mashine wala mtu mwingine.

Alinikuta kwenye korido ya wafanyakazi, nimeketi juu ya kreti za soda. Hakushangaa. Alikaa chini, shada bado shingoni, akanieleza kwa Kiingereza chake na kile Kiswahili ulichomfundisha. Kwao wanaume huimba hivyo, alisema, babu yake aliimba hivyo kanisani. Sauti yako ilipokatika, mwaka mzima kabla hujafa, ulikataa kushuka jukwaani. Ukamwambia aimbe yeye huko nyuma, gizani, na wewe utafungua mdomo. "Alinifundisha namna yake ya kupinda mwisho," akasema. "Hapa, hapa kwenye ngazi ya dharura, wakati wa mapumziko. Akawa ananipiga begani nikikosea."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kukuzika. Akavua shada akalishika mikononi.

"Kesho," akasema, kama alivyozoea kulikata jina lako, "Kesho alinikataza. Alisema, watakuuliza ugonjwa ulianza lini, na wewe hujui kudanganya. Alisema nibaki huku niimbe Ijumaa ile kama kawaida, ninyi mwendelee kuamini aliimba mpaka mwisho."

"Na vile vikombe viwili?"

"Mimi humimina na cha kwake. Najua ni ujinga."

Nilitaka kumshika mkono nikashindwa. Basi nikamuuliza jambo la mwisho, na afadhali nisingeuliza. Ule wimbo wa kubembelezea watoto, wa Kitaita, uliomtumia Mama kwa simu ulipokuwa umelazwa. Mama huufungua kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Anawaita majirani wausikilize. Anasema, "Msikieni mwanangu, alikuwa mgonjwa lakini sauti ilikuwa nzima."

Tavita akaangalia sakafu. "Hata huo ni mimi. Kesho aliniandikia maneno. Mpaka leo sijui yanasema nini."

Kwa hiyo sasa, Dada, shaka yangu imehama. Haiko kwake tena, iko kwako. Nina video zako kwenye simu na siwezi kuzifungua bila kuangalia midomo. Hii ni wewe? Hii je? Siku ile niliyokuambia unaimba kuliko zamani ukaniangalia tu, ulikuwa unasikia nini? Mimi ni mdogo wako. Tulilala kitanda kimoja mpaka nikajua ndoto zako kwa namna unavyopiga teke. Ukaona ni heri nimchukie mtu aliyekuwa anakubeba, kuliko nijue kwamba umechoka? Nimekukasirikia, na sijui nimkasirikie nani zaidi yako, kwa sababu hata kufikiri kwamba ulikuwa unatulinda naona ni njia nyingine ya kunidanganya.

Nimemkasirikia Mama pia kidogo, kwa jinsi anavyomsema. Jana alipiga simu akaanza tena, "yule mtu wako wa visiwani," nikamwambia, "Mama, khalas. Basi." Hajawahi kusikia mimi nikimkatiza.

Tavita ameacha hoteli. Meneja alitaka amlete mwanamke mwingine, avae ile wigi, aitwe Sina vilevile. Alikataa. Hivyo kundi lenu limeisha, na limeishia mahali lilipoanzia, kando ya lile bwawa, watu wakila kamba na kupiga picha. Siku ya mwisho wapishi walitoka jikoni na aproni zao wakasimama ukutani. Walikuwa wanajua muda wote, wale. Walikutunzia siri kuliko ulivyoniamini mimi.

Anarudi Samoa, lakini nimemwomba apitie kwetu kwanza. Aliogopa. Alisema, "Umesema mama yako hanitaki." Nikamwambia kweli hakutaki, na kwamba nitakuwepo.

Lala, Dada. Sijamaliza kukukasirikia na sitajifanya nimemaliza, lakini lala. Ninachokuahidi ni hiki. Nitapanda naye mlima mpaka kwetu. Nitamweka jikoni kwa Mama, kwenye kile kigoda kilicho chini mno kwa miguu yake, na nitamwambia maana ya kila neno la wimbo ule kabla hajauimba. Kisha nitamwacha aanze. Mama atageuka kutoka mekoni, na mimi nitakaa tu karibu nao mpaka Mama mwenyewe aseme amesikia sauti ya nani.

Mdogo wako,
Mghoi