Landrova ya Baba Mkwe

Alhamisi, 18 Desemba

Dawa ya macho asubuhi, kama kawaida. Kama kawaida Felix kalalamika inawasha. Kama kawaida nimemwambia mtu mzima halii kwa tone moja. Halafu nimefunga mabegi.

Kesho tunaondoka Dar, tunapanda Moshi. Miaka sita hatujala Krismasi kwao Uru. Mwaka huu Felix, mume wangu, kaamua, na sababu tunaijua watatu: mimi, yeye na daktari. Presho ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakuzunguka. Kilichopotea hakirudi, na hicho kilichobaki hana uhakika nacho. Felix hataki mtu yeyote wa kwao ajue. Hasa mdogo wake.

Anataka kuiona Landrova ya marehemu baba yake kabla macho hayajafunga kabisa. Hataki Mlima, hataki kanisa alikobatizwa. Landrova.

Na njiani anataka tusimame kwa kila mtu aliyekusanya magari ya zamani. Ameshawapigia simu. Safari ya siku moja sasa imekuwa ya karibu wiki. Nimekasirika. Dereva ni mimi, lakini nani ananiuliza?

Ijumaa, 19 Desemba

Tumepita Chalinze, tukaingia kwa dereva mstaafu wa malori. Uani kwake magari ya zamani tupu, yamefunikwa maturubai. Mzee mkarimu, katupa madafu na maneno mengi.

Felix haangalii gari kama watu wengine. Anasogea mpaka pua inagusa, anatafuta kwa lile jicho moja, kisha anamalizia kwa mkono. Anaanzia taa ya mbele, anafuata bodi, kioo cha pembeni, mlango, hadi nyuma. Kila gari. Hata letu siku hizi, akishuka lazima alizunguke kwa mkono ndipo ajue amesimama wapi.

Mzee alidhani ule ni ujuzi. Akamsifu, anayejua magari hutumia vidole. Felix akazipokea sifa zote. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya lori. Halafu nikaacha kucheka.

Jumamosi, 20 Desemba

Korogwe. Shamba la mkonge, na nyuma ya nyumba ya mwenye shamba magari yaliyosahaulika. Kuna Landrova ya rika moja na ya baba mkwe. Kuku wanataga kwenye siti. Felix kasimama hapo jua likimchoma, nikimwita haitiki.

Garini kanisimulia tena kisa ninachokijua kama Baba Yetu. Severini, mdogo wake, alizaliwa ndani ya Landrova ile. Mvua za masika, matope ya Uru, mama yao anashushwa hospitali, mtoto hakusubiri. Felix alikuwa na miaka kumi, ndiye aliyeshika taa. Ndiyo maana kila mmoja anaona gari ni lake.

Lakini kwa Wachagga nyumba ya baba ni ya kitindamimba. Kwa hiyo nyumba ya Severini, kihamba cha Severini na migomba yake yote, banda lenye gari la Severini. Felix alitaka gari lije Dar litengenezwe. Kakataliwa. Siku ya kumaliza msiba wa baba yao, mbele ya ukoo mzima, akamwita mdogo wake mlinzi wa vyuma chakavu. Severini akamjibu bandani kwake asikanyage tena. Tangu siku hiyo hawajasemeshana. Vichwa vigumu wote wawili, sijui nani alimfundisha mwenzake.

Jumapili, 21 Desemba

Same, kwa dada yangu. Hapa ndipo kwetu, Upareni. Shemeji zake wote wamemtania Mchagga wao tangu getini: mangi amekuja kununua shamba gani tena? Naye hajakosa jibu, kasema kwa Wapare haji kununua, anakuja kuhesabu maharage wanayompikia kwa ubahili wao. Tulicheka vizuri.

Mchana kapiga simu Mama Kelvin, mke wa Severini. Mama wa watu alikuwa na aibu. Kasema tunakaribishwa, mbuzi yupo, pombe ya mbege ipo. Ila mumewe kasema bandani pana kufuli, na ufunguo anao yeye.

Felix alisikia. Akaenda kujimiminia chai, akaimimina pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa cha dada yangu. Hakujua mpaka ilipomfikia miguuni. Watu wote wakajifanya hawakuona. Niliumia, jamani.

Nimemwambia, si umwombe radhi tu? Kasema mkubwa hamwombi radhi mdogo. Nikamwacha. Hasira zangu na huruma yangu vimekaa kiti kimoja.

Jumatatu, 22 Desemba

Moshi mjini. Mlima umejifunika mawingu tangu tufike, na Felix hata hakuuliza uko wapi.

Tulikwenda kwa Bwana Twaha, familia ya Kiislamu ya siku nyingi hapa mjini. Ameyatunza magari ya babu yake: Pijo 404 nyeupe, Foksi moja ya mgongo wa kobe, na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Yanang'aa kama vyombo vya Idi. Kila Ijumaa baada ya swala huyawasha, maana babu yake alisema gari lisipowashwa linasahau.

Akamkalisha Felix kwenye usukani wa Pijo, akaliwasha. Felix kafumba macho, mikono kwenye usukani. Machozi yanashuka tu, hayafuti. Bwana Twaha, mtu wa adabu, akajifanya anatazama injini.

Kisha kauliza, "Na wewe, Mzee, huna lako?"

"Ninalo. Limefungiwa."

"Limefungiwa na nani?"

Felix akaachia usukani. "Na mimi," akasema.

Miaka sita nimelisubiri neno hilo. Anakwenda kumwambia mtu baki!

Jumanne, 23 Desemba

Nimekwenda sokoni Kiboriloni peke yangu. Nyama, mchele, vitenge vya Mama Kelvin. Mwisho nikasimama kwa bibi anayeuza ndizi za kupikia mtori, ile supu ya huku. Pembeni ya mikungu yake alikuwa na majani ya sale.

Sale ni yale majani marefu wanayopanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea Mchagga, ukamletea jani la sale limepigwa fundo, hawezi kukunyima msamaha. Akikunyima, kosa linahamia kwake. Nimeolewa huku miaka thelathini, hilo nalijua.

Nikamwamkia, nikaomba jani moja. Akanitazama usoni. "Nani kamkosea nani?"

"Wote wawili, bibi."

"Anayekwenda ndiye anayebeba," kasema, akanipa. Hakutaka hela.

Sasa ninalo, nimelificha chini ya kiti. Felix hatalibeba, namjua. Basi atabebewa. Kesho nitalifunga kwenye kioo cha pembeni cha kushoto, upande wake anaokaa, upande wa jicho lililokufa. Hataliona. Severini ataliona.

Je, ni halali? Sijui. Mpare anaomba msamaha wa Mchagga kwa mlango wa nyuma. Ikigundulika katikati ya ukoo, wataniimba mpaka Pasaka.

Jumatano, 24 Desemba

Nimelifunga asubuhi, haraka haraka, Felix akinyoa ndevu. Fundo baya. Nimelikaza tu lisianguke.

Tukaanza kupanda Uru. Migomba huku na huku, kahawa, magari ya namba za Dar yamejaa barabara ile nyembamba. Karibu na kanisa nilisimama kununua maji. Duka lilijaa watu wa Krismasi, nikakawia. Niliporudi Felix alikuwa nje, analizunguka gari kwa mkono kama kawaida yake. Nikakimbilia gari. Lakini hakusema kitu. Akaingia, akafunga mkanda.

Severini alikuwa getini. Mikono nyuma, uso umefungwa. Akatutazama sisi, kisha akatazama kioo. Akaja. Akalifungua jani taratibu, akaligeuza, akalitazama fundo lake kwa muda mrefu.

"Hili fundo la Baba," kasema. "La magunia ya kahawa."

Fundo la Baba? Fundo langu mimi!

"Shikamoo, kaka," Severini akasema.

Felix alikuwa ameshashuka. Akanyoosha mkono, ukapita hewani, pembeni kabisa ya mkono wa mdogo wake. Severini akautazama ule mkono. Akanitazama mimi. Sikuweza kudanganya, nikainamisha kichwa.

Akaudaka mkono wa kaka yake kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, pale pale getini, majirani wanaangalia. "Mbona hamkuniambia? Jamani, mbona hamkuniambia!"

Hatukuingia hata sebuleni. Alikwenda moja kwa moja kufungua banda.

Vyuma chakavu? Ole wake atakayesema tena. Landrova imeoshwa, imeinuliwa juu ya mawe matairi yasioze, ina harufu ya oili. Felix kaanzia taa ya mbele. Severini anatembea naye bega kwa bega, anamwambia: hapa ndipo ulipogonga mgomba, kaka. Hapa Baba aliziba kwa bati. Walipofika siti ya nyuma Felix akaipiga piga. "Ulizaliwa hapa," kasema. "Ulikuwa na kelele sana."

Neno samahani sikulisikia likitamkwa na yeyote.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Misa. Mbuzi. Mbege imenipanda kichwani. Ndugu wawili wameshinda bandani na bisibisi, wamepaka oili nguo mpya za kanisani. Mama Kelvin kakasirika, mimi nimechoka kukasirika. Gari halikuwaka. Wanasema betri. Wanajua wenyewe.

Ijumaa, 26 Desemba

Asubuhi ya baridi. Mlima umefunguka wote, theluji mpaka kwenye mabega. Felix kasema anaona weupe. Nikasema ndio wenyewe.

Nimemlaza kichwa mapajani nimtie dawa. Nikawa najipanga nimwambie ukweli wa lile jani.

Akanitangulia. "Mpare wee, unafunga sale kama unafunga mbuzi."

Nilishika chupa ya dawa, nikasahau kutia.

Kumbe pale kanisani, nikiwa dukani, mkono wake ulipofika kwenye kioo ulilikuta jani. Akalijua hapo hapo. Akalifungua, akalifunga upya vile baba yake alivyomfundisha, akaliacha pale pale.

Nikamuuliza mbona hakusema. Kasema, mbona wewe hukusema.

Nimemtia tone, moja kila jicho, hata lile ambalo halina faida. Hakulalamika. Nje Severini anatuita, mtori unapoa.