Kuku wa Mama Nasra

Kisangani, Jumatano

Yaya Delphine, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, kwa watoto wote wa hapo Yanonge, na hata kwa yule mbuzi wako asiye na adabu. Mgongo unaendeleaje? Umepona, au bado unatembea umeinama kama mutu anayetafuta sindano? Sisi huku tupo, Mungu anatuangalia. Mke wangu Lydie anakusalimu. Mimi mkono wa kuume uko ndani ya plasta, barua hii naiandika kwa wa kushoto, kwa hiyo usicheke herufi zangu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungecheka mapema, nami ningenyamaza. Eddy wa mtumbwi wa mota atakupa karatasi hii mkononi.

Unakumbuka kipande cha avenue, ile barabara ya lami mbele ya barza ninaposhonea nguo? Komine, serikali yetu ya mtaa, imekifunga. Motokari hazipiti, pikipiki hazipiti, hata mutu wa toleka anashuka na kusukuma baiskeli yake. Ni njia ya miguu tu. Bon, lami laini isiyo na gari, vijana wakaona ni zawadi yao. Wakaja na planche, yaani kipande cha ubao chenye magurudumu manne. Mutu anasimama juu yake na kuteleza kama anayesukumwa na maporomoko ya Wagenia. Wanazichonga wenyewe. Anayewaongoza ni Nyota, binti wa Mama Nasra muuza maandazi.

Basi maneno yakaanza. Papa Hemedi wa vitambaa akalalamika kwamba wateja wake siku hizi, kwa kuogopa planche, wanashika ukuta badala ya kushika kitambaa. Mama Fortunée, muuza lituma ya ndizi za kuponda, akamjibu kwamba vijana wale angalau wanakula na kulipa, wateja wake yeye wanauliza bei na kwenda zao. Papa Hemedi akasema kwamba hilo ni tumbo la Mama Fortunée linaongea. Habari ikafika kwa bourgmestre, mkuu wa komine, naye akatuita wote Jumatatu. Wenye biashara walinichagua mimi niwasemee, kwa sababu nasoma kila gazeti linalofungia karanga.

Katika mkutano, mshauri mmoja wa komine alieleza kwamba Ulaya huo ni mchezo wa heshima. Mwenzake akamkumbusha kwamba Ulaya kuna hospitali pia. Tulicheka, hata bourgmestre. Kisha akauliza: je, kuna mutu aliyeumia kweli, au ni kelele tu? Yaya, chumba kizima kiligeuka kunitazama.

Maana Jumapili, siku ya Mungu, asubuhi Papa Hemedi, alipokuja kufungua duka, alinikuta chini kwenye lami. Planche ilikuwa imepinduka karibu nami, magurudumu yanazunguka bado. Akapiga kelele kwamba wale watoto wameniua. Mimi niliguna tu. Jioni soko lote lilijua kwamba kijana amenigonga na kukimbia.

Donc nikasimama na kuinua plasta juu. Nikasema kijana alitokea nyuma yangu, sura sikuiona. Watu wakaguna, iiii! Bourgmestre akatangaza kwamba Ijumaa atatia sahihi: planche marufuku, zitakazoonekana zitakamatwa na kuvunjwa. Nyota akasimama. Tulingoja ugomvi. Alinitazama, akasema kwamba anaomba msamaha kwa niaba ya wenzake, na tonton Arthur, yaani mimi mjomba wao, apone upesi. Akakaa. Mimi nikajiambia: huyu amekubali kushindwa.

Jana jioni Mama Nasra akaja nyumbani pamoja naye, kuku kwapani, miguu imefungwa. Unajua desturi: umeumiza mutu, mdomo peke yake hauoshi kosa. Na kuku wa sokoni haoshi, sharti atoke katika banda lako mwenyewe. Alileta yule anayetaga, ambaye mayai yake yanaingia ndani ya maandazi. Nikampokea. Lydie akampika kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Nikamla kwa mkono wa kushoto, yaya, nikasema hata kwamba chumvi imepungua kidogo.

Sasa sikiliza, na ukae kwanza.

Jumamosi Nyota aliniletea planche yake niishonee mfuko wa kubebea. Nilipima, ikalala kwangu. Siku ya Mungu watu walikuwa kanisani. Mimi nilimdanganya Lydie kwamba nakwenda kumaliza suruali ya mteja. Avenue ilikuwa tupu. Nikaweka mguu mmoja juu, kuona tu. Kisha wa pili. Yaya, nilisafiri! Kutoka mashine yangu hadi karibu na mlango wa Papa Hemedi, mutu mzima mwenye mvi nilicheka peke yangu kama mtoto. Halafu planche ikaenda, mimi nikabaki.

Hakuna kijana aliyenigonga. Na katika chumba kile mutu mmoja alijua kwamba planche ile ilikuwa mikononi mwangu: mwenyewe aliyeileta. Angeniuliza mbele ya wote, ningevuliwa nguo. Hakuuliza. Mimi sikuelewa mpaka jana, mama yake alipokwisha kutangulia nje. Nyota aligeuka mlangoni, akaniambia polepole: “Tonton, mara nyingine ukunje magoti.”

Hapo kuku alikuwa bado hai. Ningeweza kumrudisha. Nilimla. Tangu jana amekataa kushuka.

Ijumaa, kabla ya bourgmestre kushika kalamu, nitasimama pale pale na kuyasema. Papa Hemedi atacheka mpaka Ramadani. Acheke. Lakini mdomo peke yake hauoshi, na mimi banda sina. Banda la familia yetu ni lako. Yaya, mpe Eddy kuku kesho asubuhi, anayetaga, yule wa madoadoa. Najua unavyompenda, ndiyo sababu namtaka huyo. Nitampeleka mwenyewe kwa Mama Nasra, mchana, nikipita katikati ya avenue, kwapani kwenye mkono mzima. Mfuko wa Nyota nimekwisha kuukata. Lydie atashona, ingawa tangu nimweleze haniongeleshi.

Wabusu watoto kwa ajili yangu. Shemeji usimsomee barua hii kabla kuku hajapanda mtumbwi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye magoti magumu,
Arthur